Sarafu Tatu za Kokoo

Valerie, rafiki yangu wa Kitengela, alinipigia simu Jumatano, saa ya chai ya walimu. Hakunisalimu hata.

"Caren, ule msingi umeanza kupanda. Kuta ziko kiunoni sai. Nimekwambia tu, usikuje kusikia kwa watu."

Nilimwambia asante, nikamaliza chai yangu, nikaingia darasani nikawafundisha watoto wa darasa la sita mambo ambayo mpaka leo siyakumbuki. Mtu akikwambia kwamba msingi wa Kasaine unapanda, na wewe ndiye uliyeufanya ubaki chini miaka kumi na moja, utafundisha nini?

Watu wa Kitengela walikuwa wameuzoea. Ukimwelekeza mgeni unamwambia apite msingi wa Kasaine, kisha akate kulia. Mbuzi walipanda juu yake kuota jua. Mvua za El Nino ziliujaza maji mpaka vyura wakahamia na kuanza kwaya. Mimi kila nilipokuja kuwaona wazazi wangu nilizunguka njia ya nyuma, ile yenye tope jeusi linalokuvua viatu, ili macho yangu yasiuone. Nimepoteza jozi mbili za viatu kwa ajili ya msingi ule.

Mwanamume wa miaka thelathini na minane akiacha msingi muda wote huo, halafu ghafla akaita fundi, huhitaji kuuliza. Kuna mwanamke. Hivyo ndivyo nilivyojiambia Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Na Jumamosi asubuhi, Agosti ya mwaka 2008, nikatoka Bisil na daftari langu la zamani mkobani na sarafu tatu nimezifunga kwenye leso. Nilikuwa na jambo la kumwambia Kasaine Lemein kabla hajaoa. Nilikuwa nimelijua kwa siku nne tu, na lilikuwa limeninyima usingizi zote nne.

Lakini hamtanielewa nisiporudi nyuma kidogo.

Mwaka 1996 Kitengela ilikuwa bado uwanda. Nyumbu walivuka barabara bila kumwomba mtu ruhusa, na jioni upepo ulileta harufu ya nyasi kavu na vumbi la saruji kwa pamoja. Baba yangu, Nashon Otiende, alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha saruji kule Athi River. Tulipanga vyumba viwili kwenye mstari wa vyumba sita vya mabati. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza chuo cha ualimu, nangoja kupangiwa shule, na nilikuwa na kitabu.

Nilikinunua Nairobi kwa muuza vitabu aliyetandaza gunia kando ya barabara. Hakikuwa na jalada, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimenyofoka. Kilieleza elimu ya kale ya Wachina ya kutafuta shauri. Unauliza swali lako. Unarusha sarafu tatu, mara sita. Kila mrusho unakupa mstari mmoja, ama mzima, ama uliokatika katikati. Mistari sita ikipangwa inakuwa umbo, na maumbo yako sitini na nne, kila moja na jina lake na maneno yake. Nilinunua daftari la miraba nikawa naandika tarehe, swali, na mirusho yote sita kwa mpangilio wake. Nilikisoma kitabu kile kama wenzangu walivyosoma barua za wapenzi wao.

Sikukipendea uchawi. Nilikipenda kwa sababu kilizungumza polepole, kama mtu mzima asiye na haraka ya kukusahihisha. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na haraka hiyo, mama yangu akiwa mbele.

"Huo ni uganga, Caren," mama Wilkister aliniambia. "Hata kama umeandikwa kwa Kizungu."

"Mama, ni ya Wachina."

"Yawa! Kwani Wachina hawana waganga?"

Siku moja nilikuwa nimeketi kizingitini nikirusha shilingi tatu mpya, nikasikia mtu anacheka. Kwenye ploti ya jirani palikuwa na ujenzi, na fundi mmoja, mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, alikuwa ameacha mwiko wake akinitazama. Macho yake yalikuwa na utulivu fulani. Niliyaona mara moja na nikajifanya sijayaona.

"Unacheza kamari peke yako?" akauliza.

"Nauliza maswali."

"Unamuuliza nani?"

"Wewe kazi yako si kujenga?"

"Babu yangu alikuwa anafanya hivyo na mawe," akasema, sasa bila kucheka. "Alikuwa oloiboni. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuulizia ng'ombe, watoto, mvua. Anatikisa kibuyu, mawe yanatoka, anayasoma. Lakini hizo zako siziamini. Ziko na sura ya mtu. Utaulizaje siri na mtu anakuangalia?"

Jumatatu iliyofuata fundi yule, Kasaine, alinipa kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya unga. Sarafu tatu za senti kumi za zamani, za enzi ya mkoloni, kubwa, za shaba, zenye tundu katikati. Upande mmoja taji, upande wa pili pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Zilikuwa zimelainika kwa kuvaliwa.

"Zimetoka kwa mkufu wa kokoo wangu," akasema. Kokoo ndiyo nyanya kwa Kimaasai. "Nilimwambia kuna msichana wa Kijaluo anasoma mawe kama mzee wake. Alicheka mpaka akakohoa. Akakata uzi mwenyewe, na meno."

Basi, Nyar Otiende akaanguka penzini. Nyar Otiende ndilo jina alilopenda kuniita, binti Otiende, kwa lafudhi yake iliyolivunja vunja jina la babu zangu mpaka likawa tamu. Jioni tulitembea mpaka mahali nyumba zilipoishia na uwanda kuanza. Hakunishika mkono. Alitembea upande wa upepo ili vumbi lisinifikie, na mimi nililiona hilo, na mpaka leo sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko kile.

Tatizo letu lilikuwa na pande mbili, kama sarafu yoyote. Upande mmoja mama yangu, aliyeniuliza kila siku kama nitaweza kuamka saa tisa usiku kukamua ng'ombe wa Wamaasai. Upande wa pili baba yake, Isaac Lemein, mzee wa kanisa kule Kajiado. Siku niliyopelekwa kumwamkia, nilitoa leso kujipangusa jasho, na sarafu zikaanguka mezani pake. Alizitambua. Mtoto atakosaje kutambua mkufu wa mama yake?

"Hizi unafanyia nini?" akauliza.

Mtu mwenye akili angesema ni za urembo. Mimi nilikuwa nimelelewa kusema kweli mbele ya wazee, nikasema kweli. Mzee Isaac alizisogeza kwangu kwa ncha ya kidole.

"Baba yangu alikuwa oloiboni. Siku niliyobatizwa, nilimwaga mawe yake mtoni na mikono yangu," akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza. "Msichana, mimi sina shida na kabila yako. Lakini kile nilichotupa kwa mlango wa mbele hakitarudi kwa mlango wa mkaza mwana."

Kasaine hakubishana na baba yake. Alirudi Kitengela, akanunua ploti kwa akiba yake yote, akachimba. Udongo mweusi wa kule hauna urafiki, unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Alichimba mpaka akapiga mwamba. Akajenga msingi, akafunga kamba kuonyesha vyumba, akanisimamisha katikati ya kamba mbili.

"Hapa ni jikoni. Dirisha unataka likae upande gani?"

Lilikuwa swali la dirisha, lakini sote wawili tulijua anauliza nini. Baba yake hataki, mama yangu hataki, naye yuko pale na kamba zake ananiuliza nitasimama wapi nikipika. Na mimi, mwanamke msomi, nikamjibu:

"Ngoja niulize."

Nikaenda nyumbani nikafunga mlango, nikarusha sarafu za kokoo mara sita. Mirusho mitatu ya kwanza ilinipa mistari mizima, mitatu ya mwisho mistari iliyokatika. Nikachora kama mtu yeyote anavyoandika, kutoka juu kwenda chini. Mizima juu, iliyokatika chini. Nikafungua kitabu. Umbo lile jina lake lilikuwa Kizuizi. Mbingu iko juu na inazidi kupanda, ardhi iko chini na inazidi kushuka, kila moja inakwenda zake na hazitakutana.

Nilimwandikia Kasaine barua ya mistari minne. Hakujibu. Oktoba hiyo ya 1997 El Nino ikaanza, na msingi ukajaa maji. Januari nilipangiwa shule Bisil, nikahama. Kulikuwa na sharti moja katika kitabu kile ambalo nililiheshimu kuliko yote: swali moja huulizwa mara moja. Ukirudia unakuwa msumbufu, na hupewi jibu la kweli. Sikurudia. Nilikuwa mwanafunzi mwema, ole wangu.

Sasa, wale Wachina wanaojenga upya barabara ya Namanga wana kambi karibu na shule yetu. Jumanne ile alikuja mmoja wao, Mzee Guo, mtu wa karakana, kuomba maji ya tangi. Mwalimu mkuu hakuwepo, akangoja staffroom. Daftari langu lilikuwa wazi mezani, sarafu juu yake, kwa maana nilikuwa nimelitoa kusoma ukurasa ule wa 1997, kama nifanyavyo kila mwaka mwezi wa nane. Kila mtu ana kaburi lake la kufagia.

Mzee Guo alitazama sarafu zenye tundu, akacheka kwa furaha kama aliyekutana na jamaa yake ugenini.

"Hii! Bibi yangu, nyumbani, hii!" Kiswahili alikuwa amekiokota kwa vibarua. Kisha akatazama mchoro, akatazama namba za mirusho nilizoandika pembeni, moja mpaka sita, na uso wake ukabadilika. Akagonga namba moja kwa kidole. "Moja, chini. Mbili, juu yake. Tatu, juu yake. Wewe naandika juu kwanza. Hapana. Kama nyumba. Chini kwanza."

"Chini kwanza?"

Akalishika daftari, akaligeuza juu chini mbele yangu. Tu. Kwa mkono mmoja.

Iliyokatika sasa ilikuwa juu, mizima chini. Sikuhitaji kitabu, maumbo yote sitini na nne nayajua kwa moyo. Ardhi juu inashuka, mbingu chini inapanda, na zinakutana katikati. Jina la umbo lile ni Amani. Maelezo ya kuanzia chini bila shaka yalikuwa kwenye kurasa zilizonyofoka, na mimi katika kiburi cha kujifundisha peke yangu sikuwahi kumuuliza mtu.

"Hii nzuri sana," Mzee Guo akasema, akinirudishia daftari. "Ilikuwa harusi?"

Nilimpa maji yote aliyotaka.

Kwa hiyo Jumamosi nilishuka Kitengela, na kwa mara ya kwanza tangu 1997 sikuzunguka nyuma. Nilipita njia ya mbele.

Kuta zilikuwa kiunoni kweli. Mama yake Kasaine, mama Rebecca, alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, kivulini mwa rundo la mawe, akishona shanga. Fundi mmoja aliyeitwa Mulei alikuwa akikoroga simiti na kuimba wimbo wa kanisani kwa Kikamba. Na Kasaine alikuwa amenipa mgongo, ameinama juu ya kamba ya kupimia. Alikuwa na mvi mbili tatu nyuma ya sikio. Nilizihesabu zote.

"Takwenya, Caren," mama Rebecca akaniamkia, kana kwamba nilitoka pale jana.

"Iko, Yeyo," nikamwitikia. Yeyo ndiyo mama kwa Kimaasai.

Mgongo wa Kasaine ulikakamaa. Aligeuka polepole. Macho ni yale yale, jamani. Mtu angeweza kuzeeka kila mahali akaacha macho peke yake?

"Nyar Otiende."

"Unamjengea nani?" nikauliza. Njiani nilikuwa nimejizoeza salamu tatu za heshima, na hiyo haikuwa mojawapo.

"Kwani umetumwa na kanso kukagua ujenzi?"

"Nauliza tu."

"Najengea Yeyo. Mzee alituacha 2004, na Yeyo magoti yamekataa kile kilima cha nyumbani. Hapa ako karibu na daktari." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Ulifikiria ni nani?"

Furaha iliyonijia haikuwa na aibu hata kidogo. Nikafungua mkoba kabla haijanipanda usoni, nikatoa daftari, nikalifungua juu ya ukuta ambao simiti yake ilikuwa haijakauka vizuri.

"Niko na kitu nataka uone. Unakumbuka siku uliniuliza mambo ya dirisha?"

"Nakumbuka."

"Nilienda nikauliza sarafu. Zikaniambia mbingu na ardhi hazikutani. Ndiyo maana ile barua. Lakini nilichora vibaya, Kasaine. Mistari inatakikana ianzie chini, mimi nilianzia juu. Angalia." Nikaligeuza kama Mzee Guo alivyofanya. "Hii ndiyo ilikuwa jibu. Inaitwa Amani. Zilikuwa zimesema ndiyo."

Alifuata mistari kwa kidole, kutoka chini kwenda juu. Mulei aliacha kuimba.

"Ilitakikana ianzie chini," Kasaine akasema.

"Chini."

"Na mimi ni fundi. Hungeniuliza? Hakuna kitu kinaanzia juu, Caren. Hata nywele."

Nilitaka kusema, mvua je?

"Nani amekuonyesha?"

"Mchina wa barabara. Jumanne."

"Jumanne." Akacheka kidogo, na kicheko kile hakikuwa kizuri. "Kwa hivyo zingesema ndiyo, ungekuja."

"Ningekuja."

"Na vile zilisema hapana, hukukuja."

"Kasaine, nilikuwa..."

"Ngoja. Nimengoja mimi, ngoja na wewe kidogo." Hakupaza sauti. Alikuwa mtoto wa Isaac Lemein kwelikweli. "Miaka yote hii nilijua umenikataa. Nikasema sawa. Niko na miguu mifupi, baba yangu ni mkali, pengine anataka mwalimu mwenzake. Nilikuwa nimezipanga sababu zangu vizuri, nikazizoea. Walinitafutia Rachel, msichana mzuri wa kanisa, nikashindwa, nikamwambia ukweli, akaolewa Matasia. Yote nikisema ni kwa sababu kuna mtu alinikataa. Leo unakuja unaniambia hukunikataa. Lakini hukunichagua pia. Hukuwa hapo kabisa! Nilikuwa naongea na senti kumi."

"Si hivyo."

"Ni aje? Leo umekuja kwa sababu umenitaka, ama kwa sababu Mchina amegeuza daftari?"

Nilikuwa nimekuja na habari njema, nikidhani nitamkabidhi kama cheti na yeye apige muhuri. Sikuwa nimefikiri kwamba ningekuwa nampa jeraha jipya mahali pa la zamani.

"Nilikuuliza wewe dirisha," akasema. "Sikuuliza Wachina."

Akarudi kwenye kamba yake. Machozi yalinitoka pale pale mbele ya fundi wa watu, na sikuyafuta, kwa maana leso yangu ilikuwa na sarafu.

"Kuja hapa," mama Rebecca akaniita.

Nilikwenda nikachuchumaa kando ya mtungi wake. Mkononi hakuwa akishona kitu kipya. Ulikuwa mkufu wa kizamani, mpana, shanga zake zimefifia, na kando yake, mahali sarafu zilipotundikwa kwa safu, palikuwa na nafasi tatu tupu.

"Kokoo yao alikufa akiwa nao hivi," akasema. "Nilimwambia nijaze na vifungo. Akakataa. Akasema ziko safarini." Akakata uzi. "Mzee wangu alikuwa anaogopa mawe kwa sababu yeye ndiye aliyaamini kuliko sisi wote. Kokoo hakuogopa. Alikuwa ameolewa na hayo mawe, anayajua. Aliniambia mzee wake akimwaga mawe haangalii mawe. Anaangalia uso wa mwenye shida. Mawe yakianguka, uso unafurahi ama unaanguka pia. Halafu ndiyo anaongea."

Akanitazama kwa macho yale yale aliyompa mwanawe.

"Siku hiyo zikianguka, uso wako ulikuwa aje?"

Nilikumbuka chumba kile cha mabati, joto lake, penseli mkononi. Nilikumbuka nikichora mstari wa sita huku siuoni vizuri.

"Nililia, Yeyo. Kabla hata sijafungua kitabu kusoma maneno. Niliona tu ile picha nikalia."

"Sasa ulikuwa unatafuta jibu gani lingine?"

Akarudi kwenye shanga zake. Hakunibembeleza, na nilimshukuru kwa hilo.

"Bosi," Mulei akaita. "Hii simiti inakauka. Huku jikoni tunaacha nafasi ya dirisha ama tunafunga? Nimekuuliza tangu Alhamisi."

Kasaine hakugeuka. Ndipo nilipoona. Kuta nyingine zote zilikuwa na mapengo yake ya madirisha yameshaanza, sebuleni, chumbani, kila mahali. Upande wa jikoni peke yake ndio uliokuwa umesimama kiunoni bila pengo, na mawe yamepangwa chini yakingoja.

"Muulize Yeyo," akasema.

"Mimi nimepika maisha yangu yote bila dirisha," mama Rebecca akajibu bila kuinua kichwa. "Usiniulize mimi."

Mkono wangu ulikwenda kwenye leso. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili. Nimeuliza sarafu zile kama nihame shule, kama nifanyiwe upasuaji, kama nimsamehe mama. Nilihisi matundu yake kwa kidole kupitia kitambaa. Ilinijia kwamba sijawahi, tangu niwe mtu mzima, kumjibu mwanadamu swali kubwa bila kumwambia angoje kwanza.

Niliifungua leso nikazimimina zote tatu kwenye kiganja cha mama Rebecca. Alizipuliza vumbi, akaweka ya kwanza mahali pake, akatafuta sindano.

Nikavuka kizingiti kisicho na mlango, nikaingia jikoni kwa Kasaine. Sikuingia kwa hatua za madaha. Nilijikwaa kwenye ndoo. Nikasimama mahali aliponisimamisha siku ile kati ya kamba mbili, nikatazama. Zamani kulikuwa na nyasi mpaka mwisho wa macho. Sasa kulikuwa na mapaa ya mabati, nguzo za stima, ghorofa ya mtu mmoja aitwaye Macharia iliyopakwa rangi ya waridi. Lakini juu ya hayo yote vilima vya Ngong vilikuwa pale pale, vifundo vyake vinne, vya buluu.

"Upande huu," nikasema. "Kasaine. Nataka likae upande huu, wa Ngong. Nikiosha vyombo jioni nione jua likishuka. Nilitaka hivyo hata siku ile. Nilikuwa najua kabla hujamaliza kuuliza, nikaogopa."

Alikuwa ameshika kamba. Aliishika tu, haivuti wala haiachi.

"Uliogopa nini?"

"Baba yako. Mama yangu. Nikaona heri zikatae sarafu, kuliko nikubali mimi halafu majuto yawe yangu peke yangu. Sikuuliza mtu leo. Nimekutaka. Nimekutaka tangu ulipokuwa unatembea upande wa vumbi."

Mulei, Mungu ambariki, alichukua jiwe moja, akalipima kwa macho, akalirudisha chini ili kuacha nafasi. Kisha akatoa futi yake mfukoni.

"Sawa, madam. Upana?"

"Futi nne," nikasema.

Kasaine aliinama akaweka kamba yake chini. Akaja akasimama kando yangu, upande ule upepo ulikotokea, akatazama vilima.

"Weka tano," akamwambia Mulei. "Nne haitoshi watu wawili."